Anza na Kikombe: Kuacha Sukari, Ngano na Vyakula vya Pakiti Mpaka Kiuno Kipungue

Mimi ni fundi cherehani, Temeke, Dar es Salaam. Kutwa nimekaa kwenye mashine, tepu iko shingoni, na pembeni pana chupa ya chai. Miaka mitatu iliyopita nilijipima ili nishone gauni la harusi ya mdogo wangu, nikakuta kiuno ni inchi 41. Nikafungua daftari la vipimo: mwaka mmoja nyuma kilikuwa 37. Nilikaa na ile tepu mkononi muda mrefu. Mwaka mzima nilikuwa naachia mishono ya wateja, wangu sikuuona.

Leo kiuno ni inchi 35 na hakijarudi. Sikunywa dawa wala sikushinda njaa. Niliacha sukari, nikaacha ngano, nikaacha vyakula vya pakiti, kimoja baada ya kingine. Nasema kimoja baada ya kingine kwa sababu mara ya kwanza niliacha vyote Jumatatu moja, na ilipofika saa nne asubuhi njaa ilikuwa imenishika hadi mikono inatetemeka juu ya kitambaa. Nikaagiza chipsi mayai. Jaribio lile lilidumu siku tisa. Nilikuwa nimeondoa chakula bila kuweka kingine mahali pake. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina pande mbili, cha kutoa na cha kuweka, na ukifanya ule upande wa kwanza peke yake hutafika mwezi.

Kwanza, hakikisha unaruhusiwa kuanza

Kama una kisukari na unachoma insulini, au unameza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, usiguse mpango huu kabla ya kuongea na daktari wako. Dawa ile imepimwa kulingana na wanga unaokula sasa. Ukipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki vilevile, sukari ya damu inaweza kushuka ukatoka jasho, ukatetemeka, hata ukaanguka. Daktari atakupunguzia dozi kadiri unavyoendelea. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo na aliye kwenye matibabu ya kifua kikuu nao waulize kliniki kwanza. Na kama unapungua bila kujaribu, hapo usifurahi: nenda ukapime.

Ukishajiridhisha, jipime kiuno. Simama wima, toa pumzi kama kawaida, zungusha tepu usawa wa kitovu bila kuivuta ikabana. Andika tarehe na namba. Mpaka unaotumika sana kwa hatari ya kisukari na moyo ni sentimita 80 kwa mwanamke, yaani inchi 31 na nusu, na sentimita 94 kwa mwanaume, inchi 37. Mizani ni nzuri ukiwa nayo, lakini mimi naiamini tepu zaidi. Siku chache za mwanzo ukipunguza wanga, mwili hutoa maji mengi, kwa kuwa akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli huhifadhiwa pamoja na maji. Mizani itakuonyesha kilo mbili zimeondoka na utadhani ni mafuta. Tepu haikimbii hivyo. Jipime mara moja kwa wiki mbili, siku ileile, asubuhi kabla ya kula.

Hatua ya 1: kikombe, wiki nne

Anza na unachokunywa. Andazi angalau linajaza tumbo kidogo, soda haijazi chochote.

Nilichofanya ni hiki, na nakuomba nawe ukifanye. Nilichukua kile kijiko changu cha chai, nikachota sukari kama ninavyochota siku zote, kijiko kimejaa mpaka kina kilima, nikamimina kwenye mfuko wa nailoni mara 20. Nikaenda dukani kwa Mangi nikamwomba anipimie. Gramu 160. Kila kijiko gramu 8. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Hesabu ikaja gramu 96 kwa siku, zaidi ya nusu kilo kwa wiki, mimi peke yangu, kwenye chai tu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2015 linasema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Nilikuwa karibu mara nne ya kile kiwango kizuri kabla sijafungua soda. Soda ya mililita 350 kwa kawaida ina gramu 35 hadi 40.

Usiache yote siku moja. Wiki ya kwanza toa kijiko kimoja kwenye kila kikombe, na soda iishe kabisa. Wiki ya pili baki na kijiko kimoja chenye kilima. Wiki ya tatu kijiko kimoja kilichofutwa juu kwa kisu, kikawa sawa na ukingo. Wiki ya nne acha. Ulimi hujifunza upya, ila hujifunza polepole. Nilipofika mwezi wa pili, jirani alinipa chai yake yenye vijiko viwili na nikashindwa kuimaliza.

Cha kuweka: viungo. Chai ya rangi isiyo na sukari ukiichemsha na majani makavu tu itakukera, na ndipo wengi wanaporudi. Ponda tangawizi mbichi kipande cha kidole, hiliki nne, karafuu mbili na kijiti cha mdalasini, tia kwenye maji ya baridi, acha vichemke dakika kumi ndipo uweke majani ya chai. Mdalasini na hiliki vina harufu ambayo tumezoea kuikuta kwenye vitu vitamu, na hilo linausaidia ulimi. Mchaichai nao ni mzuri jioni. Chai ya maziwa ina utamu wake wa asili, hasa maziwa yakichemka mpaka yakawa mazito.

Kuna mitego hapa. Kwenye migahawa mingi chai huchemshwa na sukari humohumo kwenye sufuria, kwa hiyo ukisema "usiniwekee sukari" ataitikia na bado unakunywa sukari. Uliza: "Dada, hii imeshatiwa sukari?" Mimi nabeba chupa yangu. Mtego mwingine ni asali. Mama mkwe aliniletea asali ya Tabora, nikaona nimepona, nikawa naweka vijiko viwili. Tepu ikagoma wiki sita. Asali karibu asilimia 80 yake ni sukari, na sukari guru ni sukari vilevile. Juisi ya embe, ya miwa, hata ya machungwa uliyokamua mwenyewe, inaingia tumboni haraka na nyuzinyuzi zake umeziacha kwenye kichujio. Kula embe lenyewe. Ukitaka kinywaji, dafu lina sukari kidogo kuliko juisi, na maji yenye ndimu na vipande vya tango yanatosha mchana wa joto.

Wengine huumwa kichwa siku za mwanzo. Angalia kwanza kama hujapunguza na chai yenyewe, kwani mara nyingi ni ile kafeini mwili unaidai. Punguza sukari, vikombe viache vilevile.

Hatua ya 2: kifungua kinywa, wiki ya tano hadi ya nane

Sasa ngano. Niseme wazi: ngano si sumu. Kuna watu wachache ambao miili yao haiwezi kabisa gluteni iliyo ndani yake, na hao wanahitaji vipimo vya hospitali. Ukihisi ni wewe, pima kabla hujaacha, maana ukishaacha vipimo vinaweza visionyeshe. Sisi wengine tunaacha ngano kwa sababu ya vile inavyokuja navyo. Kwenye meza zetu ngano karibu siku zote ni unga mweupe uliokobolewa, na ama umekandwa na sukari ama umepikwa kwa mafuta, au vyote viwili.

Maandazi nayapika mwenyewe tangu nikiwa msichana. Kilo moja ya unga, robo kilo ya sukari, nazi, hiliki, hamira, natoa maandazi 30. Gawanya: kila andazi lina gramu 33 za unga na zaidi ya gramu 8 za sukari, bado mafuta yaliyonywewa wakati wa kukaanga. Maandazi matatu yana gramu 25 za sukari. Siku imeshajaa, na saa mbili asubuhi haijafika. Kisha saa nne na nusu njaa inarudi, na muuza sambusa anapita na ndoo yake.

Cha kuweka ndicho kinachoamua kila kitu, na hapa Waswahili tuna bahati, maana babu zetu walikunywa chai na vitu vinavyoota chini. Muhogo wa kuchemsha, magimbi, viazi vitamu. Vipande viwili vya ukubwa wa kiganja, si sinia. Lakini vikiwa peke yake bado utasikia njaa mapema, kwa hiyo lazima kiwepo kitu chenye protini: mayai mawili ya kuchemsha, au bakuli la maharage, au mbaazi za nazi, au njugu mawe. Mimi siku nyingi nakula supu ya samaki ya asubuhi yenye ndimu na pilipili pamoja na kipande kimoja cha muhogo, na inanifikisha saa saba bila kuangalia pembeni. Parachichi nusu lenye chumvi kidogo pia linashikilia.

Uji ni mzuri kama ni wa ulezi au wa dona, ukiwekwa ndimu au ukwaju badala ya sukari. Soma pakiti ya unga wa lishe kabla ya kununua: mwingine umechanganywa na ngano.

Sasa usidanganyike na jina la unga. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, havina ngano hata chembe, lakini vina sukari na kitumbua kinaogelea kwenye mafuta. Chipsi hazina ngano wala sukari. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na sahani ya chipsi imenywa vijiko kadhaa. Nimeona wateja wangu waliotangaza wameacha ngano wakila chipsi kila usiku, wakarudi kwangu baada ya miezi mitatu kuongeza nguo.

Kama huwezi kuishi bila chapati, na nakuelewa, ipe siku moja ya wiki. Ipike nyumbani kwa unga wa ata, isukume nyembamba, ipakwe mafuta badala ya kuelea. Kula moja na maharage mengi. Mimi siku yangu ni Jumapili.

Hatua ya 3: sahani ya mchana

Ukitoa mkate asubuhi, ugali wa mchana utajaribu kuchukua nafasi yake. Mlima utakua wenyewe bila wewe kuamua. Kunja ngumi yako: ugali usizidi hapo. Wali usizidi kikombe kimoja cha chai ukishaiva. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, bamia, chochote kilichopo sokoni. Sehemu inayobaki iwe dagaa, samaki, maharage, kuku au nyama. Chagua dona kuliko sembe. Dona imesagwa na pumba na kiini chake, inakaa tumboni muda mrefu zaidi.

Mafuta usimimine kwa macho. Tia kwa kijiko. Mchicha wa familia ya watu watano unapikika kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na ukitaka ladha weka nyanya nyingi na kitunguu.

Kula mboga na samaki kwanza, kisha ugali. Nilianza hivi kwa kubahatisha, sasa siku nyingi ugali unabaki.

Hatua ya 4: pakiti

Hii niliichelewesha mwishoni kwa kuwa niliona ni mambo ya watu wa maduka makubwa. Nilikosea. Nilipohesabu kabatini kwangu nilikuta majarini, soseji, tambi za pakiti zenye kifurushi cha viungo, biskuti za watoto, juisi ya boksi, sosi ya nyanya na mtindi wa stroberi.

Huko Marekani, mwaka 2019, mtafiti Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya alichapisha jaribio ambalo kwangu lilimaliza ubishi. Watu 20 walikaa ndani wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida, na milo iliyowekwa mezani ilikuwa imelinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi. Waliambiwa kula kadiri wanavyotaka. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula zaidi kwa kalori kama 500 kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja ndani ya wiki mbili. Kwenye vile vya kawaida wakapungua kiasi kilekile. Vile laini walivila haraka zaidi. Fikiria unavyokula pakiti ya biskuti na unavyotafuna mhogo.

Kusoma pakiti si kazi kubwa. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilichozidi kinatangulia. Angalia vitatu vya mwanzo. Sukari ikiwa humo, rudisha. Sukari pia hujificha kwa majina: maneno mengi ya Kiingereza yanayoishia na herufi "ose", kama glucose, dextrose au maltose, ni sukari, na maltodekstrini na shira ya mahindi ziko ukoo huohuo. Orodha ikiwa ndefu na imejaa vitu ambavyo huwezi kuvikuta jikoni kwa mtu, acha hapo hapo. Mkate kuwa wa kahawia hakuthibitishi chochote. Tazama kama unga wa ngano nzima ndio ulioandikwa kwanza.

Usitupe kila kilichopita kiwandani, lakini. Maziwa ya pakiti, mtindi mtupu, samaki wa kopo kwenye maji, dagaa wakavu, karanga zisizotiwa kitu, unga wa dona, hivyo ni chakula. Karanga kula konzi moja, kisha funga mfuko.

Na hizi "chai za kupunguza mwili" zinazouzwa mitaani na kwenye simu zisikuvutie. Nyingi zina sanamaki, ile dawa ya kuharisha. Unapoteza maji na utumbo unazoea kusukumwa.

Hatua ya 5: watu

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na hakuna aliyeniandaa.

Ukifika ugenini kwetu unaletewa soda kabla hujakaa vizuri. Kukataa kunaumiza, kwa sababu mwenyeji amemtuma mtoto dukani kwa pesa yake. Wahi kabla mtoto hajatumwa. Ukishasalimia tu, sema: "Shikamoo mama. Nimekuja na kiu, naomba maji ya kunywa tafadhali." Ukiomba kitu, mwenyeji amepata cha kukukirimu na roho yake inatulia. Tangu nigundue hili sijagombana na mtu.

Harusini pitia kwenye meza ya chakula na anza na kachumbari, mboga na nyama, pilau kijiko kimoja cha kupakulia. Keki utalishwa tu. Kipande kimoja kwenye harusi ya mtu hakijawahi kuharibu kiuno cha mtu yeyote.

Ramadhani inataka mpango. Futari imejaa kalimati, tambi za sukari, uji mtamu, juisi ya ukwaju yenye sukari. Fungua kwa tende tatu na maji. Tende moja ndogo ina kama gramu 5 za sukari, kwa hiyo tatu zinatosha kurudisha nguvu. Swali Magharibi, kisha rudi mezani kwa muhogo au magimbi ya nazi, kunde, samaki. Kalimati niliziacha zipitie upande wa watoto. Daku kula mayai na maharage, usile mkate, njaa ya adhuhuri itakuwa nyepesi.

Halafu kuna maneno. Ukipungua utaulizwa kama unaumwa. Nilipofika inchi 37 shangazi alinishika mkono akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nenda kapime, usifiche." Alikuwa anasema kwa upendo, na nilimjibu kwa upendo: "Shangazi, nimepima, niko salama, nimeacha sukari." Nilimwambia mara tatu ndipo akaamini. Sasa naye anakunywa chai ya kijiko kimoja. Usikasirike. Miaka mingi hapa mtu kukonda kulikuwa na maana moja.

Nyumbani, watoto usiwaweke kwenye mpango wa kupungua bila daktari. Waondolee soda na juisi za boksi, wape maembe, mayai na uji, wacheze. Wanakua.

Tepu ikigoma

Itagoma. Mimi iligoma mara mbili, ile ya asali na nyingine ya wiki tano pale kwenye inchi 38. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na kadiri mwili unavyokuwa mwepesi ndivyo unavyohitaji chakula kidogo, kwa hiyo mwendo hupungua. Ikigoma wiki nne mfululizo, andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku tatu, pamoja na ile ya kuonja ukipika na vipande ulivyomalizia kwenye sahani za watoto. Kwangu mimi jibu lilikuwa karanga: nilikuwa nazitafuna nikishona, mfuko mzima kutwa. Kisha angalia usingizi, na uongeze kutembea. Nilianza kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, na tepu ikaachia.

Ushauri wa mwisho ni wa kifundi. Nguo zikianza kukupwaya usikimbilie kukata. Pinda mishono kwa ndani na ushone kwa mkono, mshono mrefu unaofumuka kirahisi. Subiri kiuno kikae namba ileile miezi mitatu. Kisha lete nguo kwa fundi, mwambie apunguze pembeni na kwenye mgongo kwa pamoja ili mifuko isisogee mbele, na abakishe inchi moja ya kitambaa ndani.